Pembe Isiyo na Nguzo

Asubuhi ile mlinzi wa Posta Kuu alifungua bawa la kwanza la mlango kwa mkono na la pili kwa goti, maana bawaba zake zimeshika kutu, na karani wa stempu akalowesha sifongo lake. Kabla wateja hawajaanza kupanga foleni, aliingia mwanamke kijana mwenye chupa ya chai, mkate na beseni. Alikwenda moja kwa moja hadi pembe ya ukumbi, kati ya dirisha la vifurushi na masanduku ya barua, ambako mama yake alikuwa amesimama na boriti begani.

Alimwosha uso. Alimsugua miguu ndani ya beseni, mmoja mmoja na kwa haraka, kwa sababu mama akisimamia mguu mmoja muda mrefu vumbi la chokaa huanza kudondoka juu ya kaunta na makarani hununa. Kisha akamchana nywele za upande wa kulia. Upande wa kushoto, boriti ilipolala kati ya bega na shingo, nywele zilikuwa zimekata tamaa ya kuota tangu zamani.

"Umelala?" binti aliuliza.

"Kidogo. Usingizi wa hapa ni wa kuibaiba."

"Na bega?"

"Lipo. Kunywa chai na wewe, usinikodolee macho."

Mteja wa kwanza alimuuliza mama kama amemwona mtu aliyeondoka na kalamu ya kaunta. Mama alimwambia amuulize karani.

Boriti hiyo ndiyo inayoshikilia roshani inayozunguka ukumbi mzima. Inashuka kwa mshazari kutoka ukutani, imechongwa majani na mashada ya maua, halafu inaishia hewani, kimo cha bega la mtu, mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili zake angesimamisha nguzo fupi ya jiwe. Hapakusimamishwa nguzo. Alisimamishwa babu wa baba yake mama, kisha babu yake, kisha baba yake, kisha yeye. Jiji zima liliwaita Bega, mmoja baada ya mwingine, na wengi walidhani ndilo jina lao la ukoo.

Habari ya nguzo hiyo ni fupi na haina utata. Mwanzoni mwa karne iliyopita jiji lilimwajiri Msanifu, kijana mwenye masharubu yaliyotiwa nta na michoro mizuri kuliko mipango yake. Posta Kuu ilikuwa kazi yake ya kwanza. Alichora mlango, ngazi, roshani na saa ya juu, akachora hata vitasa, lakini nguzo ya pembeni aliisahau. Hakuna aliyegundua mpaka siku mafundi walipoondoa mbao za kuegemeza na boriti ikaanza kulia. Msanifu alimwita kibarua aliyekuwa karibu, mchanganya chokaa, akamwambia, "Hebu shikilia hapo kidogo, nakuja."

Kibarua aliweka bega. Msanifu alitoka kutafuta gogo, na mlangoni akakutana na Mkuu wa Jiji na wageni wake waliokuwa wamekuja kukagua. Waliingia wote pamoja. Mkuu wa Jiji alisimama katikati ya ukumbi, akatazama pembe ile tupu, akasema hajawahi kuona jengo linalopumua namna hiyo. Wageni nao wakasema linapumua. Mmoja aliuliza kibarua anafanya nini pale. Msanifu alijibu kwamba anapumzika.

Kibarua aliombwa avumilie mpaka wageni waondoke. Halafu avumilie mpaka mpiga picha wa gazeti amalize. Halafu mpaka ufunguzi. Kufikia ufunguzi, pembe ile ilikuwa imeshapewa jina, Pembe Huru, na Msanifu alikuwa ameshapata nishani kwa ajili yake. Mtu hawezi kuirudisha nishani ili aweke nguzo. Mke wa kibarua alianza kumletea chakula pale pale, meneja wa posta akaruhusu litundikwe pazia, na nyuma ya pazia hilo maisha yakaendelea kama yanavyoendelea kwingine, watoto wakiwemo.

Msanifu naye alipanda vyeo. Alijenga Mahakama, Benki, Stesheni, Jumba la Michezo ya Kuigiza, Maktaba na nyumba za mawakili watatu, na kila jengo lilikuwa na Pembe Huru yake, kwa kuwa sasa watu walizidai. Kila mara, siku ya kuondoa mbao, alimtafuta kibarua aliyekuwa karibu na kumwambia yale yale. Alikuwa anawachagua vijana wenye wachumba. Alifundisha wanafunzi, akaandika kitabu kinene kuhusu wepesi wa mawe, akafa usingizini akiwa amenenepa. Vibarua hawakualikwa mazishini, na hata wangealikwa wasingeweza kwenda.

Mengi ya majengo yake yameanguka. Jumba la Michezo liliporomoka kwa sababu Bega wake hakuwahi kuoa, akafariki katikati ya onyesho la tatu. Stesheni iliangukia treni ya mizigo siku ndugu wawili walipogombana ni zamu ya nani. Bega wa Benki alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alitoka kununua sigara akapanda meli. Walijaribiwa wapagazi, wanyanyua vyuma, hata mfungwa mmoja aliyeahidiwa msamaha, lakini boriti hizo hazikubali bega la mtu mwingine. Huteleza. Zimezoea damu ya nyumba moja, na kwa jambo hilo hazina tofauti na baadhi ya mama wakwe. Yaliyobaki ni Posta, Mahakama na Maktaba. Vitabu vya wataalamu vinasema yamedumu kwa ubora wa chokaa.

Bega wa Posta, yaani mama yule, alikuwa na mtoto mmoja. Alimzaa akiwa wima, dirisha la vifurushi likiwa limefungwa kwa dharura, na tangu siku ile aliapa kwamba huyu hataibeba boriti. Alimpeleka shule. Alimkataza kuegemea ukuta. Binti alisomea ufundi wa meno, akawa hodari wa kutengeneza meno bandia: kuchukua nakala ya ufizi kwa nta, kumimina plasta, kuchonga jino lifanane na jirani yake mpaka hata mwenye kinywa asitambue. Sasa alikuwa amepata kazi katika karakana ya mji mwingine, mji wa mbali wenye majengo ya kawaida, na alitakiwa kuripoti mwisho wa mwezi.

Tatizo lilikuwa kwamba bega la mama lilikuwa linakwisha. Daktari wa jiji alikuja na kifaa chake, akalisikiliza kama anavyosikiliza kifua, akasema ndani hamna tena mfupa, mna unga.

"Litanifikisha mpaka lini?" mama aliuliza.

"Ukijitunza, hata msimu huu utaumaliza. Usinyanyue vitu vizito."

Mama aliahidi kwamba hatanyanyua.

Ndipo binti alipokwenda Idara ya Urithi kuomba nguzo. Hakuomba kingine. Alipokelewa vizuri. Mkuu wa Idara alikuwa mtu mpole, mwenye miwani na sauti ya kubembeleza, na alimwagizia soda. Kikao kilifanyika siku ile ile katika chumba kilichopambwa kwa picha za Pembe Huru zote, zilizo hai na zilizoanguka. Mhandisi wa jiji alikuwepo. Msanifu pia alikuwepo, amesimama dirishani na fimbo yake, kwa kuwa hakosi kikao kinachohusu kazi zake. Tangu afe hutembelea majengo yake kila alasiri, hupapasa kuta, hukohoa kidogo na kuondoka. Wafanyakazi humwamkia na wamezoea kumpisha kwenye ngazi.

"Nguzo ni kazi ya mchana mmoja," alisema mhandisi. "Unaweka jeki, unasimamisha jiwe, unaondoa jeki. Yule mama anakwenda zake nyumbani."

"Hakuna anayebisha," alisema Mkuu wa Idara. "Ila jengo linalindwa na sheria. Hatuwezi kuongeza kitu ambacho hakimo kwenye mchoro wa asili, na kwenye mchoro hakuna nguzo."

"Hakuna kwa sababu ilisahaulika," alisema binti.

"Hilo ni suala la tafsiri."

"Na mama yangu? Yeye yumo kwenye mchoro?"

Mkuu wa Idara alivua miwani akaifuta. Alisema swali ni zuri, na kwamba Idara imelitafakari kwa muda mrefu. Mama hayumo kwenye mchoro, lakini ameingia kwenye jengo kwa njia ya matumizi, kama vile ngazi zinavyolika kwa nyayo. Kumwondoa kungekuwa ni kuharibu. Alisema hayo kwa huzuni ya kweli, na binti alimchukia zaidi kwa huzuni hiyo kuliko ambavyo angemchukia kama angecheka.

Binti aligeukia dirishani. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema Msanifu.

"Mzee, wewe ndiye mwenye jengo. Ukisema nguzo iwekwe, itawekwa. Mwambie huyu kwamba ulisahau tu. Hakuna atakayekunyang'anya nishani, umeshakufa."

Msanifu alimtazama kwa mara ya kwanza, au alitazama bega lake. Alisema nguzo ingeua ukumbi.

"Ulimwambia babu unakuja."

"Nilisema nakuja," alikubali Msanifu. "Sikusema lini."

Mhandisi alijikuna shingo, akatazama saa yake. Kikao kilifungwa. Mkuu wa Idara alimsindikiza binti hadi mlangoni, akamuuliza kama soda ilikuwa baridi ya kutosha.

Mama alipopata habari hizo hakulia wala hakulaani. Alingoja mpaka foleni ya pensheni ilipopungua, kisha akamwambia binti asogee.

"Jumapili posta inafungwa," alisema. "Humu hamna mtu, hata mlinzi anakaa nje kivulini. Jumapili hii naiachia."

"Mama, itakuangukia."

"Si itaniangukia mimi? Miaka yote imenikalia, sasa ije yote, tumalizane. Wewe utakuwa umeshafika huko kwenye meno yako."

"Siendi popote siku hiyo."

"Unakwenda asubuhi na mapema, na huji kuniaga. Nikikuona mlangoni nitashindwa. Nisikilize. Kila mwaka tangu uzaliwe nimesimama hapa kwa sababu moja tu, kwamba wewe usisimame. Usinitie hasara sasa."

Binti alisema amesikia. Mama alifurahi, na kwa siku zilizobaki alikuwa mchangamfu kupita kawaida. Aliwatania makarani kwamba waanze kutafuta ofisi yenye paa. Alimwomba binti amletee manukato. Kwa mara ya kwanza maishani mwake kulikuwa na siku aliyokuwa akiingojea.

Ijumaa Mkuu wa Idara alipita na kipimo cha utepe, akapima ukumbi ili ajue viti vingapi vitaenea. Jumapili ile, alieleza, ni kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Msanifu, na safari hii wameamua kuiadhimishia Posta Kuu. Kutakuwa na bendi, hotuba na kwaya ya watoto wa shule ya msingi. Alimwomba mama avae nguo ya rangi ya kahawia, isishindane na mbao.

"Haiwezekani mkafanyia Maktaba?" mama aliuliza.

"Bega wa Maktaba ana kikohozi," alisema Mkuu wa Idara. "Kingesumbua hotuba."

Jumapili ukumbi ulijaa. Viti vilipangwa mpaka kwenye dirisha la vifurushi. Watoto wa kwaya, wenye soksi nyeupe, walisimamishwa chini ya roshani, upande wa Pembe Huru, kwa sababu hapo sauti hurudi vizuri. Mama alikuwa amevaa gauni la kahawia na manukato yake. Aliwatazama watoto wale safu baada ya safu, na kila aliyekuwa karibu angeweza kumwona akiwa na hasira. Aliwahesabia nyimbo zao. Aliamua kungoja. Hotuba zikiisha na watu wakitoka, atakuwa na alasiri nzima ya kuangusha jengo kwa raha zake.

Binti alikuwepo. Alikuwa amefunga mizigo yake, amekata tiketi na kuagana na majirani, halafu miguu ikampeleka posta. Alisimama nyuma ya kaunta ya stempu, amejificha nyuma ya karani mnene, na begi lake la zana za meno miguuni.

Mkuu wa Jiji wa sasa alihutubia. Alisema Msanifu aliwafundisha watu wa jiji hili kwamba mzigo si mzigo ukibebwa kwa ustadi. Watu walipiga makofi, na Msanifu, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele kilichowekwa kitambaa, aliinua fimbo yake kidogo. Profesa mmoja alizungumzia chokaa kwa muda mrefu. Wakati wa wimbo wa pili wa kwaya, bega la mama liliisha.

Halikutoa kishindo. Gauni la kahawia lilitumbukia pale ambapo palikuwa na bega, boriti ikashuka, na mama akaidaka kwa shingo. Vumbi jeupe lilimwagika juu ya nywele za watoto. Waliendelea kuimba, kwa kuwa mwalimu wao hakushusha mikono. Magoti ya mama yalikunjika, na roshani yote, pamoja na bendi iliyokuwa juu yake, ikainama kuelekea upande ule.

Kati ya kaunta ya stempu na Pembe Huru ni hatua chache tu. Binti alizipita akiwa bado ameshika begi. Alilitupa, akaingiza bega la kushoto chini ya boriti, na boriti ikamtambua mara moja. Ilitulia. Mama alitelezea chini, akakaa sakafuni, kisha akajilaza, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana wake.

"Toka," alisema mama kutoka chini.

"Kuna watoto, mama."

"Nawaona. Toka."

"Siwezi."

"Najua huwezi," alisema mama. "Na mimi sikuweza. Siku nilipoipokea baba alikuwa ananiambia toka, na kulikuwa na watu kwenye foleni ya stempu. Daima kuna watu kwenye foleni." Alikuwa na hasira kubwa na hakuificha. Alimtazama binti yake kuanzia viatu vya safari mpaka begani, akageuza uso ukutani, akafa akiwa amempa mgongo.

Kwaya ilimaliza wimbo. Mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi na ukumbi mzima ukamfuata, wengine wakasimama. Mkuu wa Idara alipanda jukwaani kuishukuru familia. Alisema wageni wamebahatika kushuhudia makabidhiano, jambo ambalo wataalamu wengi huzeeka bila kuliona. Wahudumu wawili walimbeba mama kumpitisha kwenye dirisha la vifurushi, kwa kuwa mlango mkuu ulizibwa na viti.

Watu walipokuwa wakinywa soda, Msanifu alisogea kukagua. Binti alikuwa mfupi kuliko mama yake, na roshani ilikuwa imeshuka unene wa vidole viwili. Ufa mwembamba ulikuwa umetokea kwenye lipu, juu ya saa. Msanifu aliufuatisha kwa ncha ya fimbo mpaka unapoishia, na uso wake ulionyesha maumivu ya kweli.

"Nyoosha mgongo," alisema.

Binti alimtukana tusi moja, la nguoni, ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu mzima. Msanifu alingoja. Juu yao mpiga tarumbeta alikuwa akipangusa mdomo wa tarumbeta yake, na chini ya roshani watoto walikuwa wakigawiwa biskuti. Binti alinyoosha mgongo. Ufa ulijifunga, na Msanifu akashukuru kwa kichwa, akaondoka kuelekea Mahakamani, ambako nako alitarajiwa.

Makarani walianza kukunja viti. Karani mnene aliokota meno bandia yaliyomwagika kutoka kwenye begi, akayapanga kwenye ukingo wa kaunta, akauliza kama kuna mtu wa kuarifiwa huko karakana. Binti alisema watajua wenyewe. Alikuwa anajaribu kuzoea uzito na aligundua kwamba haumo kwenye bega tu, umo pia kwenye meno, anayauma bila kutaka.

Mkuu wa Idara alikuwa wa mwisho kuondoka. Alimletea pole zake, akamletea na chupa ya soda, akamwekea mrija ili asihangaike. Alimwahidi pazia jipya. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuonekana mdaku:

"Samahani, una mtoto?"

"Sina."

Mkuu wa Idara alitikisa kichwa taratibu, akifikiri. Alimtazama vizuri, akatabasamu, akampigapiga bega la kulia, lile lisilokuwa na kazi.

"Si kitu," alisema. "Bado kijana."